Sala ya Claudius: mfalme akibaki peke yake anatuambia nini

Watu wakitaka mfano wa uzungumzi nafsia, yaani mhusika yuko peke yake jukwaani anaongea na roho yake, moja kwa moja wanakimbilia yale maneno ya Hamlet ya kuwa au kutokuwa. Sikatai, ni matamu. Ila kwangu mimi kisa kinachofundisha zaidi kiko mbele kidogo kwenye tamthilia hiyohiyo ya Shakespeare, tendo la 3 onyesho la 3, pale mfalme Claudius anapojaribu kusali. Ni onyesho fupi, halifiki hata mistari 100. Watu wawili wanaongea kila mtu na nafsi yake ndani ya chumba kimoja, hakuna anayemsikia mwenzake, mmoja ana upanga mkononi mwingine yuko magotini, na wote wawili wanatoka pale wakiwa na habari nusu. Mwenye habari kamili ni mtazamaji tu. Sasa hapo ndo unaona hii mbinu inafanya kazi gani, maana ukiyatoa yale mazungumzo mawili hakuna kitu kinachotokea kabisa, jamaa kapiga magoti, jamaa mwingine kapita nyuma yake, basi.

Kwa asiyekumbuka, mambo yako hivi. Claudius amemuua ndugu yake, mfalme wa Denmark, kwa kummiminia sumu sikioni akiwa amelala bustanini, akachukua taji na akamuoa mjane, Gertrude. Mzuka wa marehemu ukamtokea mwanawe Hamlet ukamwambia kila kitu na ukataka kisasi. Hamlet hakuamini mara moja, akawatumia waigizaji waliopita pale kasri wacheze igizo lenye mauaji yanayofanana na yale ili amwangalie mjomba usoni. Mjomba akashtuka, akasimama, igizo likavunjika katikati. Kwa hiyo tunapofika onyesho letu Hamlet ana uhakika, na Claudius naye anajua kwamba Hamlet anajua. Usiku huohuo mfalme anawaita Rosencrantz na Guildenstern, vijana wawili wanaomtumikia pale kasri, anawaambia wajiandae kumsindikiza Hamlet Uingereza. Rosencrantz kwa kujipendekeza anatoa hotuba nzima kuhusu vile mfalme akianguka anaanguka na watu wote waliomzunguka, hajui anamwambia hayo mtu aliyeangusha mfalme kwa mkono wake. Polonius, mshauri wa mfalme, anapita kusema anaenda kujificha nyuma ya pazia chumbani kwa malkia asikilize mama na mwana wanaongea nini. Wanaondoka wote. Mfalme anabaki.

Kabla hajafungua mdomo lazima tujiulize huyu mtu mpaka hapo tumemsikiaje, kwa sababu huwezi kujua siri imefichuka kama hujui kilichokuwa kimefunika. Claudius tumemjua kwa monolojia, yaani maneno marefu ya mtu mmoja lakini mbele za watu, na hii tofauti wanafunzi wengi wanairuka wanaona ni kitu kilekile. Si kilekile. Monolojia ina wasikilizaji ndani ya hadithi, na mtu mwenye wasikilizaji ana kitu anachotaka kutoka kwao. Tendo la 1 onyesho la 2, mbele ya baraza lote, Claudius anatangaza ndoa yake. Anasema kifo cha ndugu yetu mpendwa bado kibichi kwenye kumbukumbu, lakini busara imetushinda huzuni, tumemchukua aliyekuwa shemeji yetu awe malkia wetu, jicho moja linacheka na lingine linatiririsha machozi, furaha msibani na maombolezo harusini. Kila kitu kimewekwa kwenye mizani, kila neno chungu lina tamu pembeni yake. Na kila mahali ni "sisi", "yetu", "wetu", ile sisi ya kifalme, mtu mmoja anajiita wengi. Ni hotuba ya mwanasiasa aliyeiva, na kama hujui siri utasema mbona huyu mfalme yuko sawa tu, ana utulivu, anaendesha nchi.

Ufa wa kwanza unakuja tendo la 3 onyesho la 1, na watu wengi wanaupita bila kuuona. Polonius anampa binti yake Ophelia kitabu cha sala ashike ili aonekane yuko kwenye ibada, halafu anasema kwa kujitania kwamba watu tunampaka shetani sukari kwa sura ya ucha Mungu. Hapo Claudius anatupa neno la kando, mistari michache tu, wenzake hawasikii: lo, maneno hayo yamenichapa fimbo kwenye dhamiri, shavu la kahaba lililopakwa rangi si baya kuliko kitendo changu chini ya maneno yangu yaliyopakwa rangi. Angalia Shakespeare alivyocheza hapa. Mpaka dakika hiyo ushahidi wote tulionao dhidi ya Claudius umetoka kwa mzuka, na Hamlet mwenyewe alikuwa anahofia mzuka ule unaweza kuwa shetani. Sasa mtuhumiwa kajisema mwenyewe, tena kabla ya lile igizo la mtego halijachezwa. Sisi tumemtangulia Hamlet. Na tumepata pia kitu kingine ambacho hatukukitarajia, kwamba huyu mtu dhamiri anayo na inamuuma.

Haya, tuingie chumbani. Anaanza hivi: "Ah, kosa langu limeoza, linanuka mpaka mbinguni." Halafu anataja laana ya kwanza kabisa ya duniani, mauaji ya ndugu, ile ya Kaini. Cha kwanza kabisa kinachoonekana ni kwamba "sisi" imepotea. Kosa langu, mkono wangu, hatia yangu. Mtu aliyekuwa wengi mbele za watu amebaki mmoja. Sidhani ni bahati mbaya, na ukisoma maonyesho haya mawili kwa kufuatana utalisikia hilo hata kama hukuambiwa.

Cha pili ni jinsi anavyofikiri, na hapa ningependa tukae kidogo maana ndo moyo wa kisa. Claudius hasimulii hisia, anabishana. Anasema nataka kusali lakini siwezi, hatia inaizidi nguvu nia, niko kama mtu mwenye kazi mbili anasimama hajui aanze ipi mwishowe zote zinalala. Kisha anajitetea: hata kama mkono huu ungekuwa na damu ya ndugu nene kuliko mkono wenyewe, hivi mbinguni hakuna mvua ya kutosha kuuosha uwe mweupe kama theluji? Rehema kazi yake nini kama si kukutana uso kwa uso na kosa? Hoja nzuri kabisa, mchungaji yeyote angekubali. Anapata moyo, anasema basi nitainua macho, kosa langu limeshapita. Na hapohapo anajikamata mwenyewe: lakini nitasali sala gani? Nisamehe mauaji yangu machafu? Haiwezekani, kwa sababu bado ninavyo vile nilivyoulia.

Halafu anavitaja. Taji langu, tamaa yangu ya ukubwa, na malkia wangu.

Vitu vitatu, kwa mpangilio huo. Mstari huu naomba uushike maana tutaurudia mbali kidogo. Kwa sasa angalia tu swali linalofuata, mtu anaweza kusamehewa huku ameshikilia mali ya kosa? Hakuna padri aliyemuuliza, hakuna aliyembana. Kajiuliza mwenyewe na kajijibu mwenyewe, na jibu kalitoa kwa lugha ya mahakamani. Anasema huku duniani mkono wa kosa ukiwa umepakwa dhahabu unaisukuma haki pembeni, na mara nyingi ile mali ya wizi ndo inainunua sheria, lakini juu haiko hivyo, kule hakuna janjajanja, kule kesi inasimama kwa sura yake halisi na sisi wenyewe tunalazimishwa kutoa ushahidi mbele ya meno na paji la uso la makosa yetu. Huyu ni mfalme anayesema. Mkuu wa mahakama za nchi anakiri kwamba mahakama za nchi zinanunulika, na kwamba yeye ndiye mnunuzi. Wapinzani wake wote kwenye tamthilia nzima, Hamlet akiwemo na matusi yake yote, hakuna aliyemchambua Claudius kwa usahihi namna hii. Hamlet anamuita mlevi, mzinzi, mwizi wa taji, anamchora katuni. Claudius anajichora mtu.

Na hapa ndipo nina la kusema kuhusu hii mbinu kwa ujumla. Vitabu vya kiada vinasema uzungumzi nafsia unafichua mawazo ya ndani ya mhusika, wanafunzi wanakariri hivyo, kwenye mtihani wanaandika "mbinu hii inatufichulia kuwa Claudius ni muuaji na ana majuto" wanahamia swali lingine. Hiyo ni habari tu, na habari hiyo tulishaipata kwenye lile neno la kando kwa mistari isiyofika hata 10. Kama kazi ilikuwa kutuambia amefanya, mistari 30 na kitu ya sala ni ya nini? Tabia ya mtu haiko kwenye alichokiri, iko kwenye njia aliyopita kufika kwenye kukiri na mahali aliposimama. Claudius akili yake inafika mpaka mlangoni: anajua kosa, anajua dawa, anajua bei ya dawa, hadanganyiki hata chembe. Halafu halipi. Kuna watu waovu kwa sababu hawaelewi, huyu anaelewa kila kitu na bado hivyo vitatu haviachi. Hiyo sifa utaiitaje kwa neno moja? Mimi sijaipata, "mnafiki" haitoshi kwa sababu mnafiki wa kawaida anajidanganya na yeye, huyu kwake mwenyewe ni mkweli wa kutisha.

Ingawa kuna tundu moja kwenye ukweli wake na ni vizuri kulichungulia. Kasema kosa langu limeshapita. Limepita wapi, dakika chache kabla ametoka kupanga safari ya Hamlet, na mwisho wa onyesho la 3 la tendo la 4 akiwa peke yake tena anatuambia barua alizotuma Uingereza zinaagiza Hamlet auawe mara moja. Kwenye sala hajagusa habari ya Hamlet hata kidogo. Kwa hiyo kile alichokinyamazia ni sehemu ya picha pia. Mtu akiongea peke yake na bado kuna jambo anapita mbali nalo, hilo jambo lipigie mstari.

Anamaliza kwa kujilazimisha. Anaita malaika wamsaidie, anaiambia miguu yake mikaidi ikunjike, anauambia moyo wenye nyuzi za chuma uwe laini kama mishipa ya mtoto mchanga. Anapiga magoti. Kimya.

Na hapo anaingia Hamlet, yuko njiani kwenda kwa mama yake. Kumbuka onyesho lililotangulia alipobaki peke yake alisema sasa naweza kunywa damu ya moto. Sawa, damu hiyo hapo, imepiga magoti, imempa mgongo, walinzi hawapo. Anachomoa upanga. "Sasa naweza kufanya, yuko kwenye sala. Na sasa nitafanya." Halafu sentensi inayofuata inaharibu kila kitu: "na hivyo anakwenda mbinguni." Anasimama, anasema hilo inabidi lipimwe. Mhuni kamuua baba yangu, na mimi mwanawe wa pekee namtuma huyo mhuni peponi? Huo si kisasi, ni mshahara. Baba yangu alikufa na dhambi zake zimechanua, bila maandalizi, na mzuka mwenyewe ulishamwambia hivyo tendo la 1, alikatwa bila komunyo, bila kuungama, bila mpako wa mafuta. Basi anarudisha upanga, atamsubiri mpaka amkute amelewa amelala, au ana hasira, au yuko kitandani kwenye ile ndoa ya haramu, au anacheza kamari anatukana, jambo lolote lisilo na harufu ya wokovu, ndo ampige visigino viitupie mbingu teke na roho iende jehanamu nyeusi tii.

Watu wamegombana karne kwa karne juu ya maneno haya. Samuel Johnson, mhakiki wa Kiingereza, kwenye toleo lake la Shakespeare la mwaka 1765, alisema hotuba hii inatisha mno kusomwa wala kutamkwa, mtu tuliyeambiwa ni mwema haridhiki na damu kwa damu anataka na roho iungue. Baadaye wahakiki wengine wa huko, Coleridge na Hazlitt, wakaja na njia nyingine, wakasema hapana, hicho ni kisingizio, Hamlet hawezi kuua hivyo anatafuta sababu nzuri ya kuahirisha. Mhakiki Bradley mwaka 1904 akaendeleza hukohuko, akasema Hamlet hajui hata kama anajitafutia sababu, na akahesabu roho zilizopotea kwa sababu ya upanga ule kurudi alani: Polonius, Ophelia, Rosencrantz, Guildenstern, Laertes mwana wa Polonius, malkia, na Hamlet mwenyewe.

Hii ya kisingizio imependwa sana, inamfanya Hamlet awe mpole tunayeweza kumhurumia. Mimi siinunui yote. Ukitaka kujua kama aliyosema mtu peke yake ni ya kweli, usiangalie sauti yake, angalia atafanya nini akipata nafasi nyingine. Na Hamlet anapata nafasi. Kwenye meli ya Uingereza anazikuta zile barua, anaandika nyingine kwa jina la mfalme, anaagiza wabebaji, Rosencrantz na Guildenstern, wauawe papo hapo, na anaongeza kitu ambacho hakikuwa na ulazima wowote: wasipewe hata muda wa kuungama. Tendo la 5 onyesho la 2, anamsimulia rafiki yake Horatio mwenyewe. Hao walikuwa rafiki zake wa utotoni. Kwa hiyo lile wazo la kumfuata adui mpaka ng'ambo ya kaburi halikuwa kisingizio cha usiku mmoja, liko ndani yake, Johnson alikuwa anaona kitu cha kweli hata kama kilimkera. Coleridge naye ana nusu yake, kwa sababu dakika chache baada ya kumwacha mfalme, Hamlet akiwa chumbani kwa mama anasikia sauti nyuma ya pazia anachoma bila kuuliza, halafu anauliza je, ni mfalme? Hapo hakupima roho ya mtu, ingawa unaweza kusema kujificha na kuchungulia ni mojawapo ya yale mambo yasiyo na harufu ya wokovu. Mkono wake unafanya kazi vizuri pale kichwa kisipopewa muda.

Sasa Hamlet katoka. Claudius anainuka, na mistari yake miwili ya mwisho ndo kinaya chenyewe: "Maneno yangu yanaruka juu, mawazo yangu yamebaki chini. Maneno bila mawazo hayafiki mbinguni." Maana yake sala imegoma. Maana yake kama Hamlet angechoma, angempata kwenye hali ileile aliyokuwa anaitamani, dhambi zote kichwani. Hamlet aliiona ishara ya nje, magoti, akaiamini. Mtu aliyetumia nusu ya tamthilia kulalamika kwamba watu wanavaa sura zisizo zao kadanganywa na pozi la sala, na cha kuchekesha ni kwamba aliyempa pozi hakukusudia kumdanganya mtu, mara moja katika maisha yake Claudius hakuwa anaigiza.

Jukwaa la wakati ule lilisaidia pia hii kitu. Globe ya London, ukumbi wa kundi la Shakespeare uliojengwa 1599, haikuwa na taa za kuzimwa watazamaji wakae gizani. Ni mchana, wazi juu, jukwaa limeingia katikati ya watu, waliosimama wako karibu na miguu ya mwigizaji. Mtu akibaki "peke yake" pale alikuwa peke yake mbele ya mamia ya nyuso anazoziona. Claudius akiuliza kama mvua ya mbinguni inatosha, lile swali linatua kwa watu walioogopa jehanamu kwelikweli. Baadaye sana, jukwaa lilipogeuka kuwa chumba chenye ukuta mmoja uliotolewa, kuongea peke yako kukaanza kuonekana uongo, hadi Ibsen, mwandishi wa tamthilia wa Norway, mwaka 1869 akawa anajivunia kwamba kamaliza tamthilia nzima bila uzungumzi nafsia wala neno la kando. Sawa, ila waandishi wa namna hiyo ilibidi watafute njia nyingine za kutoa ya moyoni, rafiki wa kumwambia siri, barua, mtu kunyamaza vibaya. Sala ya Claudius huwezi kuipitisha kwa rafiki. Nani angeambiwa hayo akaishi?

Kuna kipimo kimoja kizuri cha kuona yale maneno yanabeba uzito gani, nacho ni toleo la Hamlet la 1603, lile fupi, lililotoka mwaka mmoja kabla ya toleo refu la 1604. Mle pia mfalme anasali, lakini mistari yake ni michache. Anatamani maji yaliyo usoni mwake yaoshe dhamiri, anakiri amemuua ndugu na mfalme na amezini, anasema dhambi hizi hazisameheki, kisha anajiambia toba inaweza kuzifanya nyeupe kama theluji, ila kuendelea na dhambi ni kupingana na nguvu ya juu, basi piga magoti ewe mnyonge. Imeisha. Kila kitu kinachohitajika kwa hadithi kipo, hatia ipo, majuto yapo, magoti yapo, Hamlet anaingia kama kawaida. Kilichokosekana ni zile zamu za mawazo, mahakama inayonunulika, na ule mstari wa vitu vitatu. Matokeo yake yule wa 1603 ni mwenye dhambi anayelia, angeweza kuwa mwenye dhambi yeyote kwenye mahubiri yoyote. Wa 1604 ni Claudius.

Hapa tuweke tahadhari lakini, maana kuna kosa la upande wa pili, kudhani kila anayeongea peke yake jukwaani anasema kweli. Iago, yule mwovu kwenye tamthilia nyingine ya Shakespeare, Othello, ana uzungumzi nafsia mwingi kuliko wengi, na sababu zake za kumchukia Othello zinabadilika njiani. Mwanzo kinyongo ni cheo ambacho Othello, bosi wake jeshini, alimpa Cassio badala yake. Halafu kuna uvumi kwamba Othello amelala na mke wake, anasema hajui kama ni kweli ila atafanya kama ni kweli. Baadaye hata Cassio anamshuku kwa mke huyohuyo. Ukijumlisha unaona mtu anayetafuta sababu baada ya kuamua. Sasa je, hapo hajajifichua? Kajifichua sana, ila si kwa maudhui ya maneno, ni kwa jinsi hayakai pamoja. Kwa hiyo Iago na Claudius wanasomwa kwa njia ileile, unafuatilia mwendo wa mawazo na unaenda kuupima kwa matendo, tofauti ni kwamba wa Claudius unashikana.

Unashikana kiasi gani, turudi kwenye ile orodha. Taji, tamaa, malkia. Tendo la 4 onyesho la 7 Claudius yuko na Laertes, anamvuta waungane kumuua Hamlet, na Laertes anauliza kwa nini basi hukumshtaki mapema. Mfalme anajibu kwamba mama yake Hamlet anaishi kwa kumtazama mwanawe, na yeye Claudius, iwe ni wema wake au tauni yake, huyo mwanamke kaungana na uhai na roho yake kama nyota isivyoweza kutoka kwenye njia yake. Maneno mazuri, na pengine kuna ukweli ndani, lakini yana msikilizaji anayetakiwa kushawishika. Kwenye sala, bila msikilizaji, malkia alikuwa wa tatu.

Siku ya pambano la panga kati ya Hamlet na Laertes, tendo la 5 onyesho la 2, kikombe chenye sumu kilichoandaliwa kwa ajili ya Hamlet kiko mezani. Gertrude anakichukua anywe kumtakia mwanawe heri. Claudius anasema, "Gertrude, usinywe." Yeye anasema nitakunywa bwana wangu, uniwie radhi. Anakunywa. Claudius pembeni, tunaosikia ni sisi tu: ni kile kikombe chenye sumu, imechelewa. Hilo ndilo neno lake la mwisho la siri katika tamthilia, na ni hesabu tu, haina kilio. Wapo wanaomtetea kwamba alijaribu, na kwamba mambo yalienda haraka. Alikuwa na sentensi moja tu ya kuongeza, kina sumu. Angeitamka, mke pengine angepona, na palepale mbele ya baraza zima taji lingeondoka. Na baada ya hapo, malkia anaanguka, Hamlet anauliza malkia ana nini, mfalme anajibu haraka kwamba kazimia kwa kuona damu. Mke anakufa miguuni pake, yeye anatunga uongo wa kulinda kiti. Ni Gertrude mwenyewe aliyemkanusha, akasema hapana, ni kinywaji, kinywaji.